Tupande Nini Uani Wakati Huu wa Mvua ya Mwaka?

Alhamdulillahi, mvua ya mwaka imeshika, pepo za kusi zinavuma, na ardhi ya pwani yetu iliyokaushwa na joto la kaskazi imelainika. Mbegu itiwayo ardhini mwezi huu wa Mei hunyweshwa na Mola wake bila gharama. Anayengoja hadi mvua zikatike atamwagilia kwa maji ya kununua, na mboga yake itakuwa ghali kuliko ya sokoni. Ndiyo sababu tunawahimiza wenye nyumba, khasa akina mama ambao kila jioni hutoa fedha ya mboga, wasiliache juma hili likapita.

Si lazima mtu awe na shamba. Asiye na ua na achukue debe au gunia, alitoboe chini ili maji yasituame, kisha alijaze udongo na samadi. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji wala rutuba, basi samadi haina budi. Nayo iwe imeoza barabara, kwani mbichi huunguza mizizi.

Tuanze na mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu, zinyunyizwe kwa mistari na kufunikwa kidogo tu. Baada ya wiki tatu au nne huwa tayari kuchumwa. Pili ni kunde, ambazo majani yake ni mboga, punje zake ni kitoweo, na mizizi yake huurudishia udongo nguvu. Tatu ni bamia: mbegu ziloweshwe usiku kucha kabla ya kupandwa, na baada ya miezi miwili hivi zianze kuchumwa kila siku ya pili, zisije zikakomaa na kuwa ngumu. Pembeni pawekwe mchaichai, ambao huzuia udongo usichukuliwe na mvua na huitia chai harufu nzuri. Mwenye nafasi na aongeze mpapai, lakini mbali na ukuta wa jirani, kwani si halali kumdhuru kwa mizizi wala kwa maji yatokayo kwetu.

Huulizwa: je, mboga iliyostawi kwa samadi ni tohara? Katika madhehebu ya Imam Shafi, samadi ni najisi, lakini mmea uliomea juu yake ni tohara. Sehemu iliyoguswa na najisi huoshwa, kisha huliwa bila wasiwasi. Maji ya chooni tusiyamwagilie kabisa, kwa kuwa hueneza maradhi. Ama maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu, hayo ni tohara ijapokuwa hayafai kutawadhia tena. Tukiweka beseni chini yetu tunapotawadha, tutakuwa na maji ya bustani hata mvua zikishapungua, na tutakuwa tumejiepusha na israfu.

Vile vile huulizwa kuhusu zaka. Kwa madhehebu hayo hayo, mboga za majani na bamia hazina zaka, kwani zaka ya mazao iko katika vyakula vya kutegemewa vinavyowekwa akiba, kama mahindi na mpunga, vikifika nisabu. Lakini kutokuwepo kwa zaka hakuufungi mlango wa sadaka. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba Muislamu apandapo mti au mmea, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake.

Basi chumo la kwanza la mchicha lisiishie lote chunguni mwetu. Fungu moja lipelekwe kwa jirani mwenye dhiki, khasa mjane au mwenye kulea mayatima, na watoto ndio wapewe kulipeleka, ili wajifunze kutoa wakiwa wadogo. Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii iwe ya rehema na baraka. Amin.