PIKIPIKI MOJA, WAAMUZI WENGI

MTU akitazama mbio za pikipiki hudhani kazi yote ni ya yule aliyeinama juu ya tangi, goti lake likikaribia kugusa lami. Kumbe kabla chombo hakijaingia uwanjani kimekwisha kushindana na mtu mwingine, naye ni mkaguzi. Mkaguzi hana haraka. Ana kitabu mkononi, na lisiloafikiana na kitabu chake halipiti, hata kama mwenyewe amesafiri siku mbili kulileta.

Kijana mmoja, fundi wa pikipiki mtaani Majengo hapa Mombasa, aliniuliza swali juu ya jambo hili. "Maalim," alisema, "kwani pikipiki si pikipiki tu? Inakuwaje iliyokubaliwa na chama hiki ikataliwe na chama kile?" Nilimwambia kuwa swali lake ni kubwa kuliko anavyodhani, na leo napenda kulijibu kwa kituo.

Vyama vya mchezo huu ni vingi. Kilicho juu ya vyote ni FIM, shirikisho la kimataifa lililoasisiwa mjini Paris mwaka wa 1904 kwa jina la FICM. Hapa barani lina tawi lake, FIM Africa. Uingereza wana ACU. Marekani wana AMA, iliyoanzishwa mwaka wa 1924, na pembeni yake viko vyama vingine kama WERA na CCS, na AHRMA kwa wapenzi wa pikipiki za kale. Kila chama kina kitabu chake cha masharti. Lakini msomaji akivifungua vitabu hivyo ataona masharti yote yagawanyika mafungu mawili, na asiyeyatenga mafungu haya hatatoka gizani.

SHARTI LA ROHO

Fungu la kwanza ni masharti ya kulinda roho, na hayo yanafanana karibu kila pahala. Chukua mfano wa nati ya kumwagia oili chini ya injini. Barabarani hukazwa kwa spana, basi. Katika mbio za lami hutobolewa kitundu chembamba, kikapitishwa waya wa chuma, waya ukasokotwa na kufungwa mahali imara, tena kwa upande wa kuivuta nati ikaze na si ilegee. Sababu ni kwamba injini ya mashindano hutetemeka mno, na mtetemeko hulegeza kilichokazwa. Oili ikimwagika juu ya lami, mara nyingi anayeanguka si mwenye pikipiki. Yeye ameshapita. Anayeanguka ni yule ajaye nyuma, asiyekuwa na kosa lolote.

Kwa hoja hiyo hiyo FIM hutaka gamba la chini la pikipiki ya lami liwe kama bakuli, liweze kubeba angalau nusu ya oili na maji yote ya injini, ili injini ikipasuka uchafu ubaki humo. Nayo rejeta haitiwi ile dawa tunayotia magari yetu, kwani ikimwagika huteleza kama sabuni na haikauki upesi. Hutiwa maji matupu, na FIM huruhusu yachanganywe na spiriti. Vioo na taa huondolewa, maana kioo kikivunjika hukata mipira na watu. Ncha za mikono ya breki na klachi huwa na vidude vya mviringo ili zisimchome mtu, na mkono wa mafuta lazima urudi wenyewe ukiachiliwa.

Hata kofia ya kichwani ina historia yake. Daktari wa uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, Eric Gardner, alichoshwa na vichwa vilivyopasuka mbele ya macho yake. Akatengeneza kofia ya turubai iliyogandishwa kwa shelaki, na mwaka wa 1914 ACU wakaifanya kofia kuwa lazima katika mbio za TT za kisiwa cha Man. Hebu mwenye kupanda bodaboda leo bila kofia afikirie kwamba jambo hili lilikwisha kuamuliwa zaidi ya miaka mia iliyopita.

SHARTI LA USAWA

Fungu la pili ni la usawa: nani ashindane na nani, kwa injini ya namna gani. Hapa ndipo vitabu hugombana, kwani usawa una wenyewe, na kila mwenye kuandika huandika kwa kalamu ya kwao.

Mbio za kwanza za TT zilifanywa mwaka wa 1907. Zilipelekwa kisiwani Man kwa kuwa sheria ya Uingereza haikuruhusu mwendo wa kupita maili 20 kwa saa, ilhali kisiwa kile kilikuwa na sheria yake ya kufunga barabara kwa ajili ya mbio. Waandalizi walitaka pikipiki za watu wa kawaida, zenye kiti, bamba za kuzuia matope na kizuia mlio. Tena wakapima mafuta: yenye silinda moja iende maili 90 kwa galoni, na yenye silinda mbili maili 75. Charlie Collier akashinda kwa Matchless yake ya silinda moja, kwa wastani wa maili 38 na ushei kwa saa. Mwaka ule pedali za miguu ziliruhusiwa. Mwaka uliofuata zikapigwa marufuku. Chombo ni kile kile, ila kitabu kimegeuka.

Marekani nako, kwa miaka mingi AMA waliruhusu injini ya cc 750 ikiwa valvu zake ziko ubavuni, lakini yenye valvu juu ya silinda isizidi cc 500. Harley-Davidson na Indian wa huko huko ndio waliotengeneza zile za valvu za ubavuni. Waingereza walikuja na zile za juu. Sisemi kwamba sharti liliandikwa kwa hila, lakini mtu hana budi kuuliza mizani imeshikwa na nani. Sharti hilo lilidumu hadi mwisho wa miaka ya 1960, na AMA wakaingia katika FIM mwaka wa 1970.

FIM nao walikuwa na lao. Katika miaka ya 1960 Wajapani waliunda maajabu: Honda ya cc 250 yenye silinda sita, na Suzuki ya cc 50 yenye silinda mbili na gia 14. Sheria mpya zikasema cc 50 iwe na silinda moja kuanzia mwaka wa 1969, na cc 125 na 250 zisizidi silinda mbili kuanzia mwaka wa 1970, zote kwa gia sita. Mashine zile zikawa za makumbusho.

Hata rangi hazielewani. Katika mashindano ya zamani ya FIM, kibao cha manjano kilikuwa cha cc 500, daraja la wafalme. Katika vyama vya WERA na CCS, manjano ni ya mwanagenzi na nyeupe ni ya bingwa. Nazo pikipiki za spidiwei, zinazozunguka uwanja wa mchanga, haziruhusiwi kuwa na breki, ilhali katika mbio za lami asiye na breki hafiki hata mlangoni.

AFANYEJE FUNDI?

Nilimshauri kijana wangu hivi. Kwanza, asome kabla ya kushika spana. Masharti ya roho ayatimize yote kwa kiasi cha kitabu kilicho kikali zaidi, kwani waya uliofungwa kwa ajili ya chama kikali haukataliwi na chama kipole, na gharama yake ni ndogo.

Masharti ya usawa hayafuati njia hiyo. Hapo lazima achague ni kwa nani anataka kushindana, kisha ajenge injini kwa kitabu kimoja. Anayejaribu kuwaridhisha wawili huishia na chombo kizito huku na haramu kule, na pesa zimekwisha. Vile vya kubadilika, kama vibao vya namba na vizuia mlio, avifunge kwa bolti za kufunguka upesi.

Kijana akaniuliza, "Na sisi wa bodaboda, tusio na mkaguzi?" Nikamwambia nyinyi mna mkaguzi mkali kuliko wote, naye ni yule mama aliyepakiwa nyuma na mtoto wake mgongoni. Hana kitabu, wala hajui nati ni nini. Amekuamini tu. Kwa hiyo kila asubuhi inama, utazame chini ya injini kabla hajapanda.