Maji machafu ya viwanda: barafu hupunguza mzigo, haiufuti

BUJUMBURA: Kugandisha maji machafu ya viwanda kunaweza kuyapunguza kutoka matangi kumi hadi moja. Lakini tangi hilo moja ndilo linalobaki na karibu sumu yote, na haliwezi kuvuka mpaka kama mzigo wa kawaida.

Jambo hili linawahusu wafanyabiashara wa Kanyosha, kusini mwa Bujumbura. Hapo hupita barabara ya taifa namba 3 kuelekea Rumonge na mpaka wa Mugina na Manyovu, na mto Kanyosha humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ni njia ya mizigo ya Kigoma, Kalemie na Mpulungu. Pia hutoa mukeke, ndagala na maji ya kunywa ya jiji.

Kwa nini mabwawa hayatoshi

Kituo cha Buterere, kaskazini mwa jiji, kilijengwa kwa mfumo wa mabwawa, ambamo vijidudu hula uchafu unaooza. Chumvi iliyoyeyuka haioi, hivyo hupita ilivyo.

Ngozi ni mfano mzuri. Ngozi mbichi hutiwa chumvi isiharibike njiani, na kiwandani nyingi hutengenezwa kwa krome. Sehemu ya krome inaweza kutolewa majini kwa chokaa. Chumvi hubaki.

Jinsi barafu inavyotenga

Anayenyonya barafu ya juisi ya mfukoni anajua kwamba utamu hutangulia, na mwishoni hubaki barafu nyeupe isiyo na ladha. Maji yanapoganda taratibu, hujipanga yenyewe na kusukuma nje sukari, chumvi au madini. Barafu huondolewa, huoshwa na kuyeyushwa iwe maji yanayoweza kutumika tena kiwandani. Yakigandishwa haraka mno, maji ya chumvi hunaswa katikati ya barafu.

Tuchukue mfano wa lita 10,000 zenye kilo 100 za chumvi. Lita 9,000 zikiganda vizuri, hubaki takriban lita 1,000 zenye karibu chumvi yote.

Gharama

Kugandisha kilo moja ya maji ni kuondoa joto la kilojuli 334. Kuichemsha hadi iishe kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,257, karibu mara saba, ingawa mitambo mikubwa ya kuchemsha hutumia mvuke wake tena. Katika mfano huo, mashine inayohamisha uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme ingetumia kilowati-saa 280 hivi, bila kuhesabu pampu. Palipo na mgao wa umeme, hesabu ya jenereta lazima iingizwe mapema.

Nchini Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kimefanyia utafiti njia inayotoa barafu na chumvi kavu kwa pamoja kutoka maji ya migodi. Chumvi ikitoka safi inaweza kuuzwa, na mzigo wa kutupa ukapungua zaidi.

Nani abebe kinachobaki?

Hapo ndipo msafirishaji anapoingia. Taka za sumu zinazovuka mpaka hutawaliwa na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na ule wa Bamako wa mwaka 1991. Nchi inayopokea lazima ikubali kwa maandishi kabla gari halijaondoka, na nchi ya kupitia lazima iarifiwe na kuombwa ridhaa yake. Mzigo uliotumwa kinyume cha sheria unaweza kurudishwa ulikotoka.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana nauli, mwenye lori aulize mambo matatu: ndani ya pipa kuna nini kwa mujibu wa kipimo cha maabara, nani atalipokea, na kibali cha maandishi kiko wapi. Kiwanda nacho kinapopiga hesabu ya mtambo wa kugandisha, kiweke ndani yake gharama ya pipa la mwisho. Isipowekwa, atakayeilipa ni mvuvi na mnywaji wa maji ya ziwa.