Simba Aliyevaa Sari

Kenton, kaskazini-magharibi mwa London, muhogo wa kukaanga si kitu cha kutafuta. Unauzwa na pilipili na ndimu, na bibi anayeuagiza, sari mwilini na koti zito juu yake, huenda akakuamkia kwa Kiswahili cha Kisumu au cha Jinja.

Wagujarati wengi wa mtaa huu walipitia Afrika Mashariki. Wapo walioondoka Kenya wakikimbilia kuingia kabla Uingereza haijabana mlango kwa sheria ya Machi 1968. Wapo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90; kama 28,000 wakaangukia Uingereza. Afrika waliitwa Wahindi, India wakaonekana Waafrika, London wakawa wageni tu. Na ndani ya nyumba zao binti na mkamwana walikuwa na mzigo wa ziada: watu watasema nini?

Jayaben Desai aliwaacha waseme. Mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanzania, alihamia London mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupata kazi Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha huko Willesden, si mbali na Kenton. Kimo chake hakikufika futi tano. Wanawake wa Kiasia walidhaniwa hawana mdomo, na humo kiwandani hata kwenda chooni kulihitaji ruhusa.

Agosti 1976 alilazimishwa kubaki baada ya saa za kazi. Akachukua mkoba wake. Kabla ya kutoka alimwambia meneja kwamba pale si kiwanda bali ni bustani ya wanyama: wamo nyani wa kuchezeshwa, na wamo simba wa kung'ata kichwa. Sisi, akasema, ndio simba.

Kutoka kwake kulizaa mgomo wa wafanyakazi, uliokwisha Julai 1978 bila madai yao kutimizwa. Walishindwa, hakuna haja ya kupamba. Lakini karibu miaka miwili alisimama getini mbele ya polisi akiwa na sari yake ileile. Hakujigeuza Mwingereza ili asikilizwe, wala hakunyamaza ili asifiwe kuwa mke mwema.

Baadaye alifundisha ushonaji katika chuo cha Harrow. Alipofika miaka 60 akafaulu mtihani wa udereva, akawa anawahimiza wanawake wenzake nao wajifunze kuendesha.