Ski za Mtoto: Uzito Kwanza, Bei Baadaye

Miongoni mwa mambo yanayomshangaza mzazi aliyehamia Norway kutoka Kongo au kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki, ni ile barua fupi ambayo mtoto huileta nyumbani kutoka shuleni wakati wa baridi: kwamba siku fulani darasa zima litakwenda msituni kuteleza juu ya theluji, na kila mtoto aje na chakula chake, nguo nzito, na ski zake. Chakula na nguo mzazi huvielewa. Ski ndizo zimkoseshazo usingizi, maana yeye mwenyewe hajapata kuzivaa, bei yake dukani humtisha, na jirani wa kumwuliza hamjui bado. Aghalabu huishia kununua jozi yoyote iliyo rahisi. Mtoto huenda, akarudi jioni amelowa na kuchoka, akashikilia kwamba mchezo ule si wa watu kama yeye.

Twaamini kwamba mara nyingi kasoro haikuwa ya mtoto, bali ya mbao alizofungwa miguuni. Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alianza kufunzwa mchezo huu nchini Finland mwaka 1996, akashiriki mbio za kilomita 10 katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja penye mstari ili ampongeze. Boit alirudi katika Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Basi habari ya asili ya mtu tuiweke kando, tutazame vifaa.

Ski ni jozi ya mbao ndefu nyembamba, na jina lenyewe latokana na neno la kale la watu wa kaskazini lenye maana ya kipande cha mti uliopasuliwa. Siku hizi hutengenezwa kwa matabaka ya mbao, plastiki na nyuzi ngumu. Ziko za aina mbili kubwa. Za mlimani ni pana, zina kingo za chuma, na mguu wote hufungwa, kisigino pamoja na vidole, ili mtu ashuke mteremko kwa kasi. Za nyikani ni nyembamba na nyepesi, na hushika ncha ya kiatu tu, kisigino kikawa huru, ili mtu atembee na kuteleza masafa marefu. Barua ya shule isomwe vizuri, au mwalimu aulizwe, ni zipi zinazotakiwa. Ikiwa safari ni ya msituni, yamkini ni za nyikani, nazo ndizo tutakazozieleza zaidi.

Ukiilaza ski ya nyikani sakafuni utaona kwamba haikulala yote. Katikati imeinuka kama upinde. Upinde huo ndio roho ya chombo. Mtu akisimama kwa miguu yote miwili, sehemu ya katikati hubaki juu kidogo, naye huteleza kwa ncha na mkia. Akiukanyaga mguu mmoja kwa uzito wake wote, upinde hushuka, sehemu ya katikati ikagusa theluji na kuishika, naye akapata pa kujisukumia kwenda mbele. Hapo ndipo uzito wa mwili unapokuwa na maana kuliko urefu. Mtoto mwepesi akipewa ski ngumu, upinde haushuki kamwe. Kila hatua anayoipiga mguu humrudi nyuma. Mzito akipewa ski laini, ile sehemu ya kushika hukwaruza theluji wakati wote, asiteleze.

Sisi tumezoea kumnunulia mtoto sare kubwa ya shule ili akue ndani yake. Desturi hiyo ni njema kwa kaptura, lakini kwa ski humtesa mtoto. Ski ya kaka mkubwa ilitengenezwa kwa uzito wa kaka mkubwa. Mtoto anayeanza zamtosha ski zilizo sawa na kimo chake, au zilizomzidi kwa sentimita 10 hivi. Mtu mzima huzidisha kama sentimita 20. Kisha pima kwa karatasi. Mtoto asimame juu ya ski zote mbili kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, nawe upenyeze karatasi chini ya mguu wake: yapasa isogee bila kukwama. Sasa ahamishie uzito wote juu ya ski moja: karatasi ibanwe. Isipobanwa, rudisha jozi hiyo, hata kama bei yake ni nusu ya nyingine. Fimbo za mtoto anayeanza zifike kwapani, au juu yake kidogo.

Mtego mkubwa wa pili ni viatu, na hapa ndipo fedha za wengi zinapopotea. Vifungio vya ski havikufanana. Mwaka 1927 Bror With wa Norway alibuni kifungio kilichoitwa Rottefella, na kutokana nacho likaenea buti pana la mbele lenye matundu matatu ya kuingizia vijino. Baadaye zikaja taratibu nyingine, hasa NNN na SNS, ambazo kila moja ina kijiti cha chuma kwenye ncha ya soli na mifereji yake chini ya soli, na kiatu cha moja hakiingii katika kifungio cha nyingine. Mnunuzi asiyejua hununua ski kwa mtu mmoja na viatu kwa mwingine, akagundua usiku wa kuamkia safari kwamba haviingiani. Chagua viatu kwanza, vikiwa na nafasi ya soksi nene ya sufu na ya kuchezesha vidole, kwani kiatu kinachobana huleta baridi. Halafu nenda navyo mkononi kutafuta ski, uvibane katika kifungio palepale.

Hapana aibu kununua vilivyotumika. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo: wakati wa vuli shule na vyama vya michezo huandaa masoko ambapo vifaa vilivyowabana watoto hubadilishana mikono. Fauka ya hayo, viko vituo vya kuazima, vingi vikiwa chini ya mpango uitwao BUA, ambavyo huwapa watoto ski na viatu bila malipo kwa siku kadhaa. Kwa mtoto anayekua haraka, twaona kuazima kuna akili kuliko kununua. Ukinunua, pitisha kiganja upande wa chini usikie nyufa na mashimo, ziweke mbili uso kwa uso utazame kama zimepinda, na utikise kifungio uone kama skrubu zimelegea.

Kwa ski za mlimani neno letu ni moja, nalo ni zito. Kifungio chake kimefanywa kiuachilie mguu mtu aangukapo, na nguvu ya kuuachilia hupimwa kwa uzito, kimo, umri, ustadi na urefu wa soli. Kikikazwa mno, kitakachovunjika ni mguu au goti. Kazi hiyo apewe fundi wa duka, tena kila mtoto anapokua au anapobadili viatu.

Utunzaji hauhitaji karakana. Ziko ski zenye ukanda wa manyoya ya mbuzi wa Angora katikati, au zilizochongwa magamba, nazo hushika theluji bila kupakwa kitu cha kushikia. Kwa familia inayoanza ndizo tunazozipendelea, ingawa za magamba huenda polepole. Nyingine hupakwa nta ya kushika, chini ya mguu tu, na rangi yake hufuata baridi: kijani kwa baridi kali, bluu kwa baridi ya kawaida, nyekundu karibu na sifuri. Paka tabaka jembamba, lisugue kwa kizibo lilainike, kisha ongeza jingine. Ncha na mkia hupakwa nta ya kutelezea.

Lakini makopo ya zamani yanayouzwa pamoja na ski kuukuu yaangaliwe. Nta zenye florini zilipigwa marufuku mashindanoni na Shirikisho la Kimataifa la Ski tangu msimu wa 2023/24, kwa kuwa dawa zake haziozi katika udongo wala maji, na zilikwisha kuonekana katika damu ya mafundi waliokuwa wakiziyeyusha. Usiiyeyushe nta ya namna hiyo jikoni. Ipeleke panapokusanywa taka za sumu. Hata nta salama, ukiiyeyusha kwa pasi, fungua dirisha, isogeze pasi bila kusimama, wala pasi hiyo isirudi kwenye nguo.

Baada ya kila safari, zifute ski zikauke, na viatu vitolewe soli za ndani, viwekwe mbali kidogo na jiko. Majira ya kuchipua yakifika, toa nta kuukuu ya kushika, paka ya kutelezea nene bila kuikwangua, zifunge ski pamoja bila kuzikaza katikati ili upinde usichoke, na zihifadhiwe mahali pakavu pasipo joto. Vuli ifikapo, mpime mtoto tena kwa karatasi kabla ya barua kuja.