Ulemavu wa Akili Ukubwani (2): Kabla ya Kuomba Dawa ya Kutuliza

Juma lililopita tulieleza kwa nini mtu mzima mwenye ulemavu wa akili huweza kupiga wenzake, kung'ata au kujigonga kichwa ukutani. Leo tulitazame ombi ambalo familia nyingi huenda nalo hospitalini: apewe dawa atulie.

Ombi hilo limepimwa. Mwaka 2008 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Peter Tyrer na wenzake, uliofanyika Uingereza na Australia kwa watu 86. Waligawanywa kwa kura: wengine risperidoni, wengine haloperidoli, wengine vidonge visivyo na dawa yoyote. Baada ya wiki 4 ukali ulipungua kwa wote, na waliotulia zaidi, kwa asilimia 79, ni waliomeza vidonge vitupu! Mimi naamini kilichosaidia ni kule kuangaliwa kwa karibu.

Basi anzeni na daftari. Kila anapochachamaa, andikeni kilichotangulia, alichofanya hasa, na ninyi mlifanya nini baadaye. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye uzito. Tuseme kijana wa miaka 30 hutupa sahani kila akiambiwa akaoge, na akishaitupa watu humwacha. Amejifunza kuwa sahani ikivunjika, haogi. Hana maneno ya kusema kwamba maji ni ya baridi, au kwamba anaona haya kuogeshwa ilhali ni mtu mzima. Mpashieni maji, mwacheni ashike kopo mwenyewe, mfundisheni ishara ya mkono ya kuomba asubiriwe kidogo. Akiitoa, aheshimiwe papo hapo, la sivyo atairudia sahani.

Vurugu ikizuka ghafla kwa mtu aliyekuwa mtulivu, chunguzeni mwili kwanza: jino, sikio, kukosa choo, maumivu ya hedhi.

Dawa zina nafasi yake pale hatari inapokuwa kubwa. Hata hivyo, mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 unataka zisitishwe zisipoleta nafuu ndani ya wiki 6. Tena haloperidoli yenyewe huweza kumfanya mtu ashindwe kukaa mahali pamoja, watu wakadhani ukali umezidi, naye akaongezewa dozi.

Anayezitumia tayari asikatishiwe ghafla nyumbani. Nendeni kliniki na daftari lenu, mkamwombe daktari azipitie upya.