Aliyechora Ikulu ya Mombasa: Asili na maisha ya Herbert Baker

MSAFIRI anayetoka kisiwa cha Funzi kwenda Mombasa huanza kwa boti hadi Bodo, akashika barabara kuu ya Lungalunga, kisha akavuka kivuko cha Likoni. Ng'ambo ya pili, upande wa Kizingo, ndipo ilipo Ikulu ya Mombasa. Wapo waliopita karibu na ua wake miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza: ni nani aliyeichora nyumba hiyo, na alitokana na watu gani?

Jina lake ni Herbert Baker, msanifu majengo Mwingereza ambaye kazi zake zimetapakaa kutoka Cape Town hadi New Delhi. Hapa Kenya alichora Ikulu mbili, ya Nairobi na ya Mombasa, pamoja na Shule ya Nairobi, ambayo wakati huo iliitwa Prince of Wales. Ili kuelewa jinsi mtu mmoja alivyopata nafasi ya kujenga makao ya watawala katika mabara mawili ya ugenini, hatuna budi kuanzia nyumbani kwao.

Mtoto wa nyumba kongwe

Baker alizaliwa Juni 9, 1862 katika kijiji cha Cobham, jimbo la Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Thomas Henry Baker, alikuwa mwenye mashamba, na Herbert alikuwa mtoto wa kiume wa nne katika familia hiyo. Waliishi katika nyumba iitwayo Owletts, iliyojengwa kwa matofali mekundu katika karne ya 17.

Nyumba hiyo ilikuwa shule yake ya kwanza. Kuta nene, mbao zilizochongwa kwa mkono na bustani iliyopandwa kwa mpango vilimfunza tangu utotoni kuwa jengo jema huchukua mali yake katika ardhi linaposimama. Funzo hilo hakuliacha hadi uzeeni.

Baada ya masomo katika shule ya Tonbridge, ukoo ulimfungulia mlango wa pili. Mwaka 1879 aliingia kujifunza kazi katika ofisi ya binamu yake, Arthur Baker, aliyekuwa msanifu majengo. Baadaye alihamia ofisi ya Ernest George na Harold Peto jijini London, mojawapo ya ofisi zilizosifika zaidi wakati huo. Hapo ndipo alipokutana na kijana Edwin Lutyens, ambaye angekuwa rafiki yake, kisha hasimu wake.

Safari ya ndugu wawili

Mlango wa tatu pia ulifunguliwa na familia. Mdogo wake, Lionel, alitaka kulima matunda Afrika Kusini. Mwaka 1892 Herbert alifunga safari hadi Cape pamoja naye ili kumsaidia kuanza maisha. Alikwenda kwa ajili ya ndugu, akabaki kwa ajili ya kazi.

Muda si muda alikutana na Cecil Rhodes, tajiri wa almasi aliyekuwa Waziri Mkuu wa koloni la Cape. Rhodes alimpa kazi ya kuitengeneza upya nyumba yake, Groote Schuur. Ilipoungua mwaka 1896, Baker aliijenga tena. Mwaka 1900 Rhodes alimlipia safari ya kwenda Italia, Ugiriki na Misri ili akayaone majengo ya kale. Rhodes alitaka dola yake iwe na majengo ya kutisha na kudumu kama yale ya Warumi, na Baker alirudi akiwa tayari kuyachora.

Kilele cha kazi yake Afrika Kusini ni majengo ya serikali yaitwayo Union Buildings mjini Pretoria, yaliyojengwa kati ya mwaka 1910 na 1913. Yalijengwa kuadhimisha muungano wa Wazungu wa nchi hiyo, huku Waafrika wakiwekwa kando. Hata hivyo, ni mbele ya majengo hayohayo ambapo Nelson Mandela aliapishwa kuwa rais, Mei 10, 1994.

Katika maisha ya nyumbani, Baker alimwoa Florence Edmeades mwaka 1904, naye alikuwa wa ukoo wao. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1912 Baker aliteuliwa kushirikiana na Lutyens kujenga mji mkuu mpya wa India, New Delhi. Urafiki wao uliingia doa huko. Majengo ya wizara aliyoyachora Baker yaliwekwa juu ya kilima pamoja na kasri la Gavana Mkuu lililochorwa na Lutyens, na mwinuko wa barabara ukalificha kasri hilo machoni pa anayelikaribia. Lutyens alimlaumu mwenzake kwa miaka mingi.

Namna alivyofika Kenya

Kuja kwake Kenya kulipitia mlango uleule wa kufahamiana. Edward Grigg, aliyekuwa katibu wa mfuko wa urithi wa Rhodes, aliteuliwa kuwa gavana wa Kenya mwaka 1925. Mfuko huo ndio uliomwajiri Baker kuchora jengo la kumbukumbu ya Rhodes mjini Oxford. Grigg alipotaka nyumba za ugavana zinazolingana na ukubwa wa madaraka yake, hakuhitaji kuuliza ni nani wa kuzichora.

Msanifu mwenzake, Jan Hoogterp, alisimamia kazi zake nchini. Shule ya Prince of Wales ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Hivi leo watoto wa Kenya wa kila kabila husoma humo, na wenye Ikulu ni Wakenya wenyewe.

Baker alipewa hadhi ya Sir mwaka 1926. Mwaka 1938 aliikabidhi nyumba ya Owletts kwa shirika la kuhifadhi urithi wa Uingereza. Alifariki humo Februari 4, 1946, na majivu yake yakazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Mwana wa seremala

Je, ni lazima mtu azaliwe katika nyumba ya mashamba ndipo awe msanifu? Katika zama hizohizo, nchini Marekani, aliishi Robert Robinson Taylor, aliyezaliwa Wilmington, North Carolina, mwaka 1868. Baba yake, Henry Taylor, alizaliwa utumwani, akawa seremala na mjenzi. Mwana alijifunza kwa baba, kisha mwaka 1892 akahitimu katika chuo cha teknolojia cha MIT, akiwa Mweusi wa kwanza kusomea usanifu chuoni humo. Alichora majengo mengi ya chuo cha Tuskegee, Alabama. Mwaka 1942 alianguka ndani ya kanisa la chuo hicho, alilolichora mwenyewe, akafariki.

Watu hao wawili walitofautiana kama mbingu na ardhi kwa mali na hadhi. Lakini wote walirithi kitu kimoja nyumbani: jicho la kulitazama jengo na kujua limesimamaje.

Jicho hilo halijakosekana Funzi, wala Msambweni, wala Diani. Pwani ya Kwale ina koo zinazojua boriti ipi ya mkoko itahimili paa na ipi itapinda, namna ya kufunga fito, kukandika udongo na kuezeka makuti yasivuje wakati wa masika. Waliowatangulia walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakajenga misikiti ya mawe. Msikiti wa Kongo, pale Diani, ungali unaswaliwa baada ya karne kadhaa. Upana wa vyumba vya nyumba za kale za mawe uliamuliwa na urefu wa boriti, na unene wa kuta ukazuia joto. Hayo ni maarifa ya usanifu, ingawa hayakuandikwa kwenye karatasi.

Tofauti ni kwamba Baker aliandika. Mwaka 1944 alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake, na michoro yake ina jina lake. Waliobeba mawe na kukoroga chokaa katika majumba hayohayo hawana sahihi popote. Mwanahistoria anayetafuta baba yake Baker alikuwa nani atampata kwa dakika chache. Anayetafuta ni nani aliyejenga msikiti wa Kongo atarudi mikono mitupu.

Mafundi wazee wa pwani wangali hai, na baadhi yao wana wajukuu walio shuleni. Daftari moja na kalamu moja vyatosha kuanza: jina la fundi, aliyemfunza, na nyumba alizozijenga. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.