Jina la MacGregor: Ukoo Uliokatazwa Kujitaja
MacGregor, jina la Uskoti ambalo kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milima ya huko, maana yake ni mwana wa Gregori, liliwahi kupigwa marufuku kisheria. Baada ya ukoo wenye jina hilo kuwaua watu wengi wa ukoo wa Colquhoun katika bonde la Glen Fruin mwaka 1603, serikali ya Mfalme James wa Sita iliamuru kwamba atakayeendelea kulitumia auawe, amri ya ajabu kwa kuwa jina halina shingo ya kunyongwa, na wenye jina wakajificha katika majina ya koo nyingine. Hata Rob Roy MacGregor, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyegeuka mhalifu, alijiita Campbell, jina la upande wa mama yake. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa kabisa 1774.